Siha na Mahali Tukaapo

Mwili wa mwanadamu si sanduku lililofungwa mbali na ulimwengu. Hewa aivutayo, maji ayanywayo, kivuli kimfunikacho na sauti azisikiazo kila siku huwa sehemu ya maisha yake. Kwa hiyo aulizaye habari ya siha ya mtu hana budi kuuliza pia habari ya mahali akaapo.

Pwani yetu, kutoka Kilifi hata Malindi, imejaliwa mengi. Upepo wa bahari hupunguza joto la mchana. Miembe na mikorosho hutoa kivuli na matunda. Mikoko ya Mida huzuia mawimbi yasile ukingo, na mizizi yake ni malezi ya samaki wadogo, ambao wakikua huwa kitoweo cha kujenga miili ya watoto. Karibu yake umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilometa za mraba 420 hivi. Vyote hivi ni matabibu wasiodai ada.

Hata hivyo, tusiseme kwamba maumbile ni mema daima. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na malaria imeua watoto wengi wa pwani. Maumbile hayana huruma wala chuki, yana kanuni. Kufukia dimbwi lililo karibu na nyumba ni busara. Kufyeka msitu kwa kuogopa mbu ni ujinga, maana mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria katika Afrika hupenda kutaga katika madimbwi madogo yapigwayo na jua, na miti ikiondoka jua hufika chini.

Moyo nao una haja zake. Katika mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao waliona miti dirishani. Nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hospitali moja si dunia nzima, lakini habari hiyo yatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kuung'oa mti wa mwisho uani.

Wazee wa Mijikenda walikataza kukata miti katika misitu ya kaya. Walifanya hivyo kwa heshima ya wahenga wao, si kwa hesabu ya madaktari. Lakini heshima hiyo iliiokoa misitu, na mwaka 2008 kaya hizo ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Hapa lazuka swali la haki. Mtu mwenye njaa akikata mti achome makaa ya kuuza, je, ana hatia? Njaa ni kweli, na aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa sifa za kivuli hastahili kusikilizwa. Lakini kivuli ni mali ya maskini kuliko ya tajiri. Tajiri hununua hewa baridi kwa mashine na maji kwa chupa. Maskini akiupoteza mti, hana pa kuununua mwingine. Basi akatazaye kukata na asaidie kupata. Huko Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewapa wakulima wa kando ya msitu kazi ya kulea vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado katika vifukofuko vyao; msitu uliosimama ukawa chakula. Tajiri naye ajengaye ukuta akaziba njia ya kwenda pwani hana udhuru wa njaa. Hatia yake ni nzito zaidi.

Enyi vijana, afya si mali ya mtu mmoja. Hewa nivutayo mimi hupita kwanza katika miti ya jirani yangu. Atunzaye mti hutunza pumzi za watu asiowajua, na baadhi yao hawajazaliwa bado.