Haki ya Mlima juu ya Mwenye Kuutazama

Mtu aondokaye kwake akiwa na siha na akiba, asiye na mgonjwa wa kumzuru wala deni la kudai wala bidhaa ya kuuza, akaenda nchi ya mbali kwa shauku tu ya kuiona milima yake na kuionja hatari yake, je, safari hiyo ni ibada, ni mchezo, au ni namna ya unyang'anyi? Swali hili nimekaa nalo muda mrefu, na kila nikiitafakari nchi ya Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, huzidi uzito. Wapo wanaolijibu kwa haraka. Mcha Mungu husema kwamba kuutazama uumbaji ni kumtukuza Muumba, na kwamba waja wamehimizwa watembee katika ardhi wapate kuzingatia; mkulima aliyechoka husema kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba. Naona kila mmoja ameshika sehemu ya haki, na sehemu iliyobaki haipatikani ila kwa kwenda kuiangalia nchi yenyewe.

Atokaye Bukoba akavuka Mto Kagera katika daraja la Kyaka, akapanda kuelekea Omurushaka na Kayanga, kisha akashika njia za vumbi ziendazo Nyakakika na kata jirani, hukutana na migongo ya milima iliyolala kutoka kaskazini hata kusini, mirefu, yenye nyasi fupi juu, na ubavuni miji ya watu iliyozungukwa na migomba na mibuni, na chini kabisa mabonde ya matete ambamo ukungu wa alfajiri hukaa mpaka jua lipate nguvu ya kuuondoa. Upande wa magharibi mto uleule wa Kagera hupita mpakani baina yetu na Rwanda, ukaenda kaskazini hata Kyerwa, kisha ukageuka mashariki kulitafuta Ziwa Viktoria. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya nchi hii yalipandishwa daraja yakawa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe, na kusini yake Burigi-Chato yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,700. Tangu hapo wageni wa namna mpya wameanza kualikwa, wale wapendao kutembea kwa miguu juu ya migongo hiyo, kulala katika hema, na kuwatazama viboko na pofu na nyamera katika nchi ambayo bado haijakanyagwa na misafara ya magari.

Wageni kwa jumla, hata hivyo, si jambo geni Karagwe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unyanyembe walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme, katika njia ya kwenda Buganda. Na mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, aliyefika katika baraza la Kabaka Suna wa Buganda mnamo 1844, alikuwa angali anaishi hapo Kafuro mvumbuzi Stanley alipopita mwaka 1876. Watu hawa walikuja kwa haja iliyo dhahiri, nayo ni pembe za ndovu; walijua wanachokitaka, na mfalme alikijua pia, kwa hiyo baina yao palikuwa na bei na mapatano. Mwezi wa Novemba 1861 ndipo walipofika wavumbuzi Speke na Grant kutoka Uingereza, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, na haja yao haikuwa rahisi kuelezeka kwa mwenyeji, maana walisema wanatafuta mahali Mto Naili unapoanzia. Omukama, yaani mfalme, Rumanyika, ambaye jina lake sasa ni jina la hifadhi, aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke aliusifu sana katika kitabu chake cha 1863. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Mfalme alimfungulia mlango mtu ambaye shabaha yake ilikuwa kuona, akamsaidia aone.

Lakini yamo ndani ya kisa hicho mambo mengine ambayo wasimuliaji huyapita upesi. Grant alipatwa na ugonjwa wa mguu, akashindwa kutembea, na Speke alipoondoka kwenda Buganda mwanzoni mwa 1862 mwenzake alibaki Karagwe kwa miezi, akilishwa na kutunzwa na wenyeji, hata alipoondoka mwezi wa Aprili akabebwa katika machela. Hapa ndipo ninapoipata hukumu yangu ya kwanza juu ya hatari ya kutafutwa. Mtu anayo ruhusa ya kuutia mwili wake katika taabu kwa hiari yake, kwa kuwa woga uliozoewa hudhoofisha nafsi, na kupanda mlima mrefu humfunza mja kipimo chake kuliko hotuba nyingi. Dini zimekataza mtu asijitupe katika maangamizi, wala hazikumwamuru akae kitako. Ila hatari haina desturi ya kumwangukia aliyeichagua peke yake. Humwangukia mpagazi aliyebeba mzigo wa mwingine kwa ujira wa siku, na kiongozi wa njia ambaye hawezi kukataa kwa sababu watoto wake wanangoja ada, na vijana wa kijiji watakaoamshwa usiku wakamtafute mgeni aliyepotea kwenye matete. Kwa hiyo ushujaa wa msafiri upimwe kwa jambo moja: je, wale watakaolipa gharama ya kosa lake walishauriwa, na wanalipwa kwa haki? Ikiwa hawakushauriwa, basi ushujaa wake umenunuliwa kwa mwili wa mtu mwingine, hata akipiga picha kileleni.

Sasa nije kwenye shutuma ya mkulima, kwamba uzuri wa mlima ni anasa ya aliyepumzika. Mwanamke apandaye kilima akiwa na mzigo wa kuni kichwani anakijua kilima kwa magoti yake. Anajua jiwe linaloteleza baada ya mvua, anajua pale upepo unapompiga ubavuni, na pale penye kivuli ambapo huutua mzigo akakaza kata yake upya. Mgeni afikaye hapo na kusema, Pazuri mno, amesema kweli, ila amesema kweli ndogo. Pamoja na hayo siwezi kukubali kwamba mwanamke yule hauoni uzuri. Katika majigambo ya kale ya nchi hizi za maziwa, vilima na mito na ng'ombe hutajwa kwa majina na kwa fahari, na waliojigamba hivyo walikuwa watu wa jasho. Uzuri haukuletwa Karagwe na hema la mtalii. Tofauti ni kwamba mwenyeji huupata ndani ya kazi, na mgeni huupata kwa kuwa kazi imeondolewa machoni pake. Na kilichoondolewa kinapaswa kukumbukwa.

Mahali ninapopatafakari zaidi ni Mtagata, katika wilaya ya Kyerwa, penye chemchemi za maji moto chini ya miti. Watu wa nchi hii, na wa nchi jirani, wamekwenda huko tangu zamani kutafuta nafuu ya maumivu ya viungo na maradhi ya ngozi. Huoga, huketi katika mvuke, hunywa, na aondokaye hujaza dumu la maji awapelekee waliobaki nyumbani. Stanley alifika mwaka 1876, akayaoga na kuyanywa, kisha akaandika kwamba hakuona faida yoyote mwilini. Simlaumu kwa hilo, aliandika alivyoona. Lakini yeye alikwenda kuyajaribu maji, ilhali mgonjwa aliyelala karibu naye alikwenda kuomba, na mahali pamoja palikuwa mahali pawili. Sisemi kwamba kila aombaye hupona, wala sitaki kuamua juu ya maji hayo jambo ambalo ni la tabibu kuliamua. Nasema kwamba mgonjwa aliyefika Mtagata ameweka kitu chake cha thamani, yaani matumaini yake, katika maji yale, na mtazamaji ambaye hakuweka kitu hana ruhusa ya kusimama juu yake na kamera kana kwamba maumivu ya mtu ni sehemu ya mandhari. Wazee wetu waliposema, Mgeni njoo mwenyeji apone, walimtarajia mgeni aje na heri mkononi.

Na huo mto wa Kagera, ambao kila mtembezi hutamani kuupiga makasia! Mwezi wa Aprili 1994, katika daraja la Rusumo upande wa Ngara, watu wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja, na katika majuma hayo mto ulichukua maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ukapita nazo kandokando ya Karagwe na Kyerwa mpaka ziwani, ambako watu wa pwani ya Uganda walizitoa majini na kuzizika. Je, ni halali kuufurahia mto wa namna hiyo? Nimejibu mwenyewe kwamba ni halali, kwa kuwa maji hayakuua mtu, na kwa kuwa wavuvi na wachunga ng'ombe wa kandoni wanaendelea kuufurahia, nao ndio waliouona wakati ule. Ila asiyejua habari hiyo hajauona mto, ameona maji tu. Na kiongozi anayemficha mgeni habari hiyo ili asimharibie starehe amemdhulumu mgeni, na amewadhulumu waliokufa zaidi.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba kutazama kwaweza kuwa ibada, kwa sharti kwamba mtazamaji akubali kuwa kitazamwacho kina haki juu yake: haki ya kujulikana habari zake, haki ya kutovunjiwa heshima yake, na haki ya wale wanaoishi kwacho kulipwa na kusikilizwa. Mwenye kuikubali haki hiyo na aje Nyakakika, aupande mgongo wa mlima hata miguu ilalamike, apokee buni ya kutafuna anayopewa mgeni kwa mikono miwili, na amshukuru Mungu kwa macho yake. Na ninyi mnaoziandaa safari hizi, katika ofisi za hifadhi na za halmashauri, na katika makampuni ya utalii, nawasihi mambo mawili: viongozi wa njia wawe watoto wa vijiji vinavyopitiwa, wenye ujira unaojulikana na bima ya kuwatibu wakiumia, na siku mtakapojenga nyumba za wageni karibu na Mtagata, mgonjwa aliyekuja kwa miguu na dumu lake asizuiliwe kufika majini.