Ghala Linangoja Nini?

Ifikapo Julai, mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa, wakulima wa Songea, Mbozi na Sumbawanga huulizana maswali mawili. La kwanza ni la hesabu: ekari imetoa gunia ngapi? La pili ni la uamuzi: niuze sasa, au niweke mpaka bei ipande? Mabwana shamba na madalali huyajibu kama maswali ya soko, na ni haki yao. Lakini chini yake kuna swali la zamani zaidi, ambalo dini zililijadili kabla ya kuwapo mizani ya kilo: mtu anayefungia chakula ghalani anamtegemea Mungu kiasi gani, na jirani yake ana haki gani juu ya chakula hicho? Ninavyoona, kuweka nafaka hakumpunguzii mtu imani. Kinachomhukumu mwenye ghala ni kile anachokingoja. Ili tulione hilo vizuri inabidi tuanzie kabla ya ghala, pale wakulima wanapolinganisha mavuno yao.

Mmoja akisema amepata gunia ishirini kwa ekari na mwenzake kumi, hatuna hata hakika kama wanazungumzia gunia moja. Lipo la kilo 100 lililopita kwenye mizani, na lipo la lumbesa, lililoshindiliwa na kushonewa kichwa mpaka likabeba debe la ziada ambalo mnunuzi halilipii. Tuseme vipimo ni sawa. Bado tofauti ile ina sababu nyingi. Mbegu chotara hailingani na punje zilizobaki mwaka jana. Mbolea ya kukuzia iliyochelewa wiki tatu haifanyi kazi ya ile iliyowahi. Palizi iliyorukwa huonekana kwenye gunzi. Hayo yote ni jasho na maarifa, na kulinganisha mavuno kwa ajili ya kujifunza ni jambo jema. Lakini mahindi yana majuma machache, yanapotoa mbelewele na ndevu, ambapo kiu huyaumiza kuliko wakati mwingine wowote. Shamba lililopata mvua siku zile na shamba la ng'ambo ya mlima lililoikosa huenda yalipandwa siku moja, kwa mbegu moja na kwa bidii ileile, na bado moja likazaa maradufu ya jingine. Mvua ile haikuletwa na jembe la mtu.

Surat al-Kahf inasimulia habari za mtu mwenye bustani mbili zilizozungukwa na mitende, katikati yake kukiwa na mashamba ya nafaka, aliyemwambia mwenzake kwamba amemzidi mali na watu, kisha akaingia bustanini akidhani haitaharibika kamwe. Hesabu ya mtu huyo ilikuwa sahihi. Kweli alikuwa na mali zaidi. Alikosea alipotaja chanzo, akajipa sifa ya kila kitu kilichoota pale. Kosa hilo lina matokeo ya kisheria, si ya kitabia tu, kwa sababu anayekiri kwamba sehemu ya mavuno yake imetokana na asichokifanya hawezi kusema yote ni yake peke yake. Zaka ya mazao imejengwa juu ya wazo hilo. Surat al-An'am inaamuru haki itolewe siku ya kuvuna, na mafundisho ya Mtume yakaweka viwango viwili: sehemu moja ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua au chemchemi, na sehemu moja ya ishirini kwa shamba linalonyweshwa kwa kazi ya kuteka maji. Kadiri mbingu ilivyochangia ndivyo deni linavyokua. Kadiri mgongo wa mkulima ulivyochangia ndivyo linavyopungua. Torati nayo, katika Walawi 19, inamkataza mvunaji kumaliza pembe za shamba na kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate chao. Kwa hiyo nafaka haijafika ghalani ikiwa mali tupu. Imefika ikiwa na wenye haki ndani yake.

Hapo hutokea pingamizi la wacha Mungu: kama riziki inatoka kwake, kwa nini tuweke kabisa? Watataja ndege wa Mathayo 6, wasiokusanya ghalani na bado wanalishwa. Watataja mana ya jangwani iliyoingia mabuu ilipolazwa mpaka asubuhi. Watataja tajiri wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaambiwa roho yake itatakwa usiku huohuo. Visa hivyo vinahitaji kusomwa mpaka mwisho. Mana iliyolazwa kwa kutotii ilinuka, ila ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuharibika: tendo lilikuwa moja, makusudi mawili. Tajiri wa Luka anazungumza na nafsi yake tu tangu mwanzo hadi mwisho. Hamna mke, mtumishi wala jirani katika mipango yake, na mavuno ambayo ardhi ilimzalishia anayaita yangu. Upande wa pili yupo Nabii Yusuf, ambaye katika Qur'ani anawafundisha Wamisri kuiacha nafaka katika mashuke yake isipokuwa kiasi kidogo cha kula, na katika Mwanzo 41 anashauri sehemu moja ya tano iwekwe katika miaka saba ya neema. Imepokewa pia kwamba Mtume Muhammad aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Ghala basi halipingani na tawakali, yaani kumtegemea Mungu.

Tena kuweka vizuri ni kazi inayodai elimu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi huoza. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hutoboa punje mpaka gunia likabaki na makapi na unga, ndani ya miezi michache. Sumukuvu ni hatari zaidi kwa kuwa macho huenda yasiione: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa, na mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kinga yake ya kwanza ni kukausha vizuri. Mkulima asiye na kipima unyevu anaweza kutia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, akaitikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi na yanapaswa kurudi kwenye turubai juani. Mtu anayeshona gunia la mahindi mabichi kisha akasema Mungu atalinda amemrudishia Mungu kazi aliyopewa yeye.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili, kwa wanaojali haki. Bei ya Februari, wanasema, hupanda kwa sababu watu wameishiwa. Basi kila aliyeweka mahindi tangu Julai anakula faida ya njaa, awe amekusudia au la. Hoja hii haipuuziki. Hata hivyo tazama anayeumia mahindi yanapouzwa yote wakati wa mavuno. Mkulima mdogo mwenye deni la pembejeo na ada ya shule huuza kwa bei ya chini kabisa ya mwaka, kisha miezi ya mvua inamkuta akinunua kwa debe, kwa bei ya juu, mahindi ambayo pengine yalitoka shambani kwake. Kumwambia mtu huyo kwamba kungoja ni dhambi ni kumtia mikononi mwa mfanyabiashara mwenye ghala kubwa. Kuhifadhi nafaka kutoka msimu wa wingi hadi msimu wa uhaba ni huduma, kama vile kuisafirisha kutoka mkoa wenye shibe kwenda wenye ukame. Kadiri wengi wanavyohifadhi ndivyo bei ya Februari inavyopungua makali. Ndiyo maana mafakihi wengi, waliolaani kwa ukali ihtikari, yaani kuficha chakula ili bei ipande, walielekeza laana hiyo hasa kwa anayenunua chakula sokoni na kukificha ili kiadimike, na hawakumhesabu hivyo anayeweka zao la shamba lake.

Ruhusa hiyo lakini ina mpaka. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawashutumu wafanyabiashara wanaoona sikukuu inawachelewesha kuuza nafaka, huku wakipunguza kipimo na kuuza takataka za ngano. Hao hawakungoja msimu. Walingoja watu wabanwe. Mpaka uko hapo. Anayengoja msimu ana bei anayoilenga, na ikifika anauza. Anayengoja dhiki hana bei inayomtosha, kwa sababu kila mwenye njaa anayegonga mlango ni sababu ya kuongeza nyingine. Siku chakula kinapokosekana kijijini na kipo ghalani kwake, swali la nani alikilima linapoteza uzito, na haki ya mwenye njaa kukinunua kwa bei ya kawaida inakuwa juu ya haki ya mwenye ghala kungoja.

Wapo watakaosema kazi hii ya kuhifadhi tuiachie serikali, maana ghala la umma halina tamaa. Mwanzo 47 inatupa tahadhari. Wamisri waliookolewa na ghala za Yusuf walilipa kwanza kwa fedha, kisha kwa mifugo, kisha kwa ardhi yao na nafsi zao, mpaka nchi ikawa ya Farao. Ghala lililowalisha ndilo lililowafanya watumwa. Ghala la taifa linalonunua wakati wa wingi na kutoa wakati wa uhaba ni neema kwa mkulima na mlaji. Lakini mwaka 2017, serikali ya Tanzania ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi kwa kuhofia upungufu, mzigo wa chakula cha bei nafuu mjini uliangukia mabega ya waliolima. Mwenye ghala kubwa, awe waziri au tajiri, anaulizwa swali lilelile analoulizwa mwenye kihenge: unangoja nini, na nani atalipa gharama ya kungoja kwako?

Kwa hiyo mpangilio ni muhimu kuliko ukubwa wa ghala. Kwanza itoke haki ya wengine, siku ileile ya mavuno, kabla bei haijaanza kutushawishi. Kisha kitengwe chakula cha kaya mpaka mavuno yajayo, kikiwa kimekauka na kukingwa na dumuzi. Kisha mbegu, au fedha ya kuinunulia. Kinachobaki mkulima akiweke kwa bei anayoitaka bila kuona haya, mradi awe ameamua mapema bei hiyo ni ipi na ataufungua mlango lini. Asiyeweza kuyataja hayo mawili Julai, akiwa ameshiba, asitarajie kuyaamua kwa haki Februari, wakati majirani zake wana njaa.