Kabla ya Kupima Jiko, Muulize Mpishi

Wageni wanaofika Lamu hupiga picha milango ya nakshi. Hakuna apigaye picha meko. Nasi wenyeji tumeambukizwa: nyumba ikitengenezwa, fedha na maneno huishia sebuleni, jiko likapewa masalio.

Waliojenga nyumba hizi za mawe walijua walifanyalo. Kutoka daka la mlangoni unaingia kiwanda, yaani ua wa nyumba, kisha misana, zile kumbi ndefu, hadi ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Meko yaliwekwa juu, chini ya makuti, ili moshi na joto vichukuliwe na upepo. Ni hekima kubwa, lakini tusiisifu kwa upande mmoja. Maji yalipandishwa ngazi zile kwa mikono ya watumwa na watumishi, na baada yao mabinti wa nyumba. Raha ya msana ililipwa na kiuno cha mtu mwingine.

Leo gesi imeyateremsha meko, na kila anayekarabati nyumba anataka makabati. Nyumba ya shangazi yangu, Mkomani, haikuachwa nyuma. Wanawe walio ng'ambo walituma fedha pamoja na picha: makabati meupe yaliyopanda hadi kwenye boriti. Fundi seremala akaja na futi yake, akapima, akatikisa kichwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa haujui kunyooka. Upana wa chumba nao uliamuliwa zamani na urefu wa boriti za mikoko, usiofika mita tatu. Kabati lililotengenezwa kiwandani lingeacha pengo kona hii na kugoma kuingia kona ile. Na zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa, alisema, zikinywa unyevu wa bahari huvimba kama maandazi. Akashauri mbao ngumu, zikatwe kwa kufuata ukuta, bawaba ziwe za shaba, na nyuma ya kabati ibaki nafasi ya hewa. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, chumvi itatafuta njia yake na plasta itabanduka.

Yote hayo yalijadiliwa kwa simu, na wanaume watupu. Shangazi alikuwa ameketi pale pale akichambua mchele. Fundi, Mungu amjalie, ndiye aliyegeuka:

"Na wewe mama, wasemaje?"

"Mbuzi nitaikalia wapi?"

Tukanyamaza. Kwenye picha ile hapakuwa na mahali pa kuketi kukuna nazi. Kila kitu kilikuwa cha kusimama, na rafu za juu hata mimi ningezifikia kwa kuchuchumia. Mama huyu amepika miaka yote akiwa chini, na magoti yake hayataki ngazi wala kigoda. Akaendelea, kwa upole: sufuria kubwa zikae chini, milango iwe na matundu ili bizari na unga visiote ukungu, na karibu na dirisha pabaki wazi kwa mbuzi na kinu. Fundi akampima hadi kwenye kiwiko ndipo akaandika kimo cha meza.

Mbao zikaja kwa punda, na makabati yakawa machache kuliko ya kwenye picha. Gharama haikupungua, maana mbao ngumu ni ghali. Lakini kila droo inafunguliwa kila siku.

Twasema pepo iko chini ya nyayo za mama, kisha rafu tunaiweka usikofika mkono wake. Heshima isiyouliza ni nusu ya heshima. Unayempenda hujamtendea haki kwa kumtumia kitu kizuri tu. Mpe pia neno la mwisho katika jambo atakaloishi nalo.

Kwa hiyo wewe uliye Mombasa, Nairobi au Maskati, unayekusanya fedha za jiko la nyumbani, Mungu akuzidishie. Kabla hujatuma picha, piga simu. Mwombe fundi asubiri, zungumza kwanza na atakayepika.