Kidole Kati ya Tairi na Uma

Mpwa wangu alivunjika mtulinga kwa tairi nililomnunulia mimi. Kwetu Usagara ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto wa dada yako huhesabiwa wako kabla hajahesabiwa wa baba yake. Akianguka, watu hawaiulizi barabara, humuuliza mjomba. Ndiyo maana habari hii siwezi kuisimulia kama ajali tu. Nilishauri mimi, pesa nikatoa mimi, na ushauri wenyewe ulikuwa sahihi nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyomwangusha.

Kazi yake ni kuku wa kienyeji. Huwakusanya vijijini, pande za Ulaya na Zombo, kwenye ile barabara ya zaidi ya kilomita 70 inayounganisha Kilosa na Mikumi. Wakitimia kumi au kumi na wawili huwatia kwenye tenga, tenga hulifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, na safari ya Mikumi huanza alfajiri. Pale mjini, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia ikishakatiza hifadhi ya taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, madereva wa malori husimama kula. Kuku hawakosi mnunuzi. Baiskeli yake ni ya gia, ya mtumba, mojawapo ya zile zilizotengenezwa kwa njia za milimani, na ilikuja na matairi ya 26 kwa 1.95 mbele na nyuma.

Kiangazi kikikolea, vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Rubeho hukauka na kuacha mchanga barabarani. Mchanga ule huwezi kuuona ubaya wake mpaka gurudumu la mbele liingie. Linazama, linakata kulia au kushoto bila kukuuliza, na usukani unageuka mikononi. Oktoba ile alianguka mara mbili ndani ya wiki moja. Akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba. Hii baiskeli siku hizi inakwenda inakotaka yenyewe.”

Nikamwambia anunue tairi pana la mbele. Sikubahatisha, na hadi leo nasimama na sehemu hiyo ya maneno yangu. Gurudumu la mbele ndilo linaloshika njia na ndilo linalobeba kazi kubwa ya breki, kwa kuwa ukikaba breki uzito wa mwili husogea mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, unayumba, unakaza kiuno, unarudi. La mbele likiteleza, huwa umeshafika chini kabla hujajua kilichotokea. Tairi pana huweza kutiwa upepo kidogo, likalala juu ya mchanga kama mguu wa bata unavyolala juu ya tope. La nyuma unaliacha jembamba kidogo ili lizunguke kwa wepesi na mguu usichoke. Waendeshaji wengi wa milimani hufanya hivyo: pana mbele, jembamba nyuma.

Kisha nikasema neno ambalo ningeweza ningelirudisha kinywani. “Chukua pana kuliko yote dukani.” Nikamtumia pesa kwa simu.

Mwenye duka alilishusha kutoka juu tairi lenye kashata nene kama vipande vya sabuni, 26 kwa 2.35. Hakuuliza baiskeli iko wapi, na mpwa wangu hakuona sababu ya kuisema. Mimi nilikuwa Kilosa darasani, nikifundisha. Tukawa watu watatu, na katika watatu hakuna aliyetazama mahali tairi lile lingekaa.

Lilikaa. Hilo ndilo la kutisha katika mambo haya. Liliingia kwenye rimu bila taabu, gurudumu likafungwa, likazunguka. Alinipigia jioni kwa furaha, akisema mchanga ameupita amekaa palepale kwenye siti. Novemba nzima hakuanguka hata mara moja. Dada yangu alinitumia jogoo wa shukrani, nikamla.

Mvua zilipofika, alikuwa anateremka kamteremko kadogo mbele ya Zombo. Anayeijua ardhi ya kule anaujua udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, ukilowa huwa kama gundi. Haurushwi na gurudumu kama tope la kawaida. Unaganda kwenye kashata, juu yake linaganda jani, juu ya jani kokoto, kisha udongo tena, na kila mzunguko tairi linanenepa. Gurudumu lenye nafasi hujikwangua lenyewe: tope linapanda, linagonga, linadondoka. Lake halikuwa na pa kudondoshea. Aliniambia alisikia sauti ya kusaga, kama mtu anayesaga karanga kwenye kinu, akadhani ni breki. Kokoto moja ilipokwama pale juu, gurudumu lilisimama papo hapo, na yeye, tenga na kuku wakaendelea na safari hewani.

Alitua kwa bega. Kuku wawili walikufa, wengine wakaingia majanini. Wapita njia wakampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, mkono ukatundikwa shingoni, akaambiwa wiki sita.

Baiskeli ililetwa Kilosa juu ya lori la mbao, nami nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda chini ya mwarobaini, si mbali na stesheni ya reli. Nilitaka aniambie kama uma wa mbele umepinda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Ulipima?”

“Tairi? Ni 2.35.”

“Tairi limejipima lenyewe, limeandikwa. Nakuuliza nafasi.”

Aliigeuza juu chini, akachukua kijiti na kuanza kuuchokoa ule udongo uliokauka. Ulitoka kwa mapande, na ndani yake mlikuwa na nyasi zilizosukwa kama ndani ya tofali. Ulipokwisha akaniita niiname. Upande wa ndani wa uma, kulia na kushoto, rangi ilikuwa imekwanguliwa na chuma kinang’aa kama kijiko. Wala haikuwa kazi ya siku moja. Mwezi mzima wa kiangazi, mwezi ule wa furaha na jogoo, kila usukani ulipolemewa kwenye kona tairi lilikuwa linaulamba uma, na hakuna aliyeinama kutazama.

Kisha akanyoosha kidole chake cha shahada, cheusi kwa grisi, akajaribu kukipitisha kati ya tairi na mahali mikono miwili ya uma inapokutana juu. Hakikupita. Hata ukucha haukuingia wote. “Kidole changu kikipita, tope nalo litapita,” akasema. “Kisipopita, ngoja mvua.”

Nilikuwa na rula mfukoni. Tairi la zamani, 1.95, ni milimita 50 hivi. Lile la 2.35 ni kama 60. Milimita 10 zinaonekana kitu kidogo mpaka uzitoe mahali pake. Tairi likinenepa kwa 10 hupanda juu karibu kiasi hichohicho, na kila ubavu hula 5. Juu kulikuwa na milimita 14, zikabaki 4. Pembeni kulikuwa na 8, zikabaki 3. Ukipungua chini ya 6 kila upande umeanza kukopa, na katika udongo wetu deni hilo hudaiwa haraka.

Aliling’oa kwa vijiko viwili, akanionyesha ubavuni maandishi madogo ambayo mimi, msomi, sikuwahi kuyasoma: 60-559. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Hiyo ya pili haina mjadala. Wengi huomba “tairi la ishirini na sita” wakidhani wamesema yote, kumbe liko la 26 kwa 1⅜, lililoandikwa kwa sehemu, ambalo hukalia rimu ya 590, na halitashika rimu ya 559 hata ulibembeleze. Zile baiskeli ndefu nyeusi za kubebea mzigo, za 28 kwa 1½, ni 635. Fundi huyu ujanani alibeba magunia Kidatu, ambako tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hukutana na reli ya TAZARA. Tawi hilo lina upana wa milimita 1,000 na TAZARA 1,067, kwa hiyo behewa la huku halivuki kwenda kule. Mzigo ulikuwa ukishushwa na kupakiwa upya. “Nimekula ugali wa milimita 67 miaka mingi,” aliniambia, na tangu hapo hakumwona tena mtu anayesema “inakaribiana” kuwa mtu anayejua kitu.

Rimu ya mpwa wangu haikuwa na kosa. Ilikuwa na milimita 19 kwa ndani, na tairi la wastani linatulia juu yake. Ingekuwa nyembamba zaidi, tairi pana lenye upepo kidogo lingeyumba pembeni kwenye kila kona kama mtu aliyevaa kiatu cha kaka yake. Hilo nalo hutazamwa kabla ya kulipa.

Nilirudi nyumbani nikafikiri sana juu ya wale vijana wa Marin, California, ambao miaka ya 1970 walikuwa wakiteremka njia za mlima Tamalpais kwa baiskeli, na ambao ndio waliotuzalia hizi za milimani. Walitafuta baiskeli za Schwinn za zamani, za miaka ya 1930 na 1940, kwa sababu zilikuwa na matairi manene ya puto, 26 kwa 2.125. Mimi nilikuwa nimeikariri habari hiyo kama habari ya matairi, nikiamini unene ndio uliowaokoa. Lakini baiskeli zile zilizaliwa na uma wa kupokea unene huo. Hawakulazimisha tairi kwenye nyumba isiyo yake.

Siku ya pili fundi akanifundisha jambo ambalo lilinichoma kuliko la kwanza. Alijaza kiroba mchanga, akakifunga kwenye keria pale tenga linapofungwa, kwa nyuma kabisa, kupita ekseli. Kisha akaweka vidole viwili chini ya usukani na kuuinua. Gurudumu la mbele liliacha ardhi kama vile halina uzito. Akakifungua kiroba, akakisogeza mbele hadi kikagusa siti, akaniambia niinue mimi. Ilibidi nitumie mkono.

Oktoba ile, basi, tairi jembamba lilikuwa sehemu tu ya ugonjwa. Tenga lililoning’inia nyuma lilikuwa limeunyanyua usukani, na gurudumu jepesi kwenye mchanga halina la kushikia, liwe pana liwe jembamba. Kijana aliniambia anaanguka, nami nikamjibu kabla sijamuuliza anapakiaje. Sikupanda hata mara moja nyuma yake kutazama. Kwa mjomba hilo ni kosa kubwa kuliko la milimita.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Tenga lilibadilishwa na mawili madogo, yakaning’inizwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, chini na mbele ya pale lilipokuwa la kwanza. La nyuma likabaki 1.95. Mbele lilitafutwa la 2.10, yaani 54-559, lenye kashata zilizoachana ili tope lipate mlango wa kutokea. Kwa hesabu ya rula linaacha milimita 10 juu na 6 pembeni. Bado ni pana kuliko la nyuma, na faida niliyomtakia mwanzo anaipata karibu yote. Upepo, fundi alianza na paundi 35 mbele na 50 nyuma kwa sababu ya mzigo, akamwonya asipunguze kiholela kwa kuupenda ulaini. Tairi likilegea mno, jiwe huikandamiza tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili jirani kama alama ya meno ya nyoka. Ubavuni mwa matairi mengi kumeandikwa kiwango cha juu cha upepo, na mara nyingine cha chini pia.

Lile la 2.35 nilimpa fundi alihifadhi hadi ije baiskeli yenye nyumba yake.

Nilikuwepo siku ya kununua jipya, Mikumi, duka lilelile. Mkono ulikuwa umetoka shingoni ila bega bado linamuuma akilala upande huo. Baiskeli aliisukuma hadi mlangoni. Mwenye duka akaanza kushusha matairi, na mpwa wangu hakulitazama hata moja. Alitoa mfukoni kipande cha bua la mtama alichokikata nyumbani kwa rula yangu, milimita 66 kutoka ncha hadi ncha, tairi pamoja na nafasi zake mbili, akachuchumaa mbele ya uma mtupu na kukipitisha katikati, polepole, huku na huku. Mwenye duka akaacha kazi yake akaja kuinama pembeni yake.

“Hicho cha nini, kijana?”

Mpwa wangu akamkabidhi ajaribu mwenyewe.