Uso wa Aliyeshindwa

Je, yafaa mshindi ajipambe kwa uso wa mtu aliyemshinda? Kikosi cha ndege kilichoitwa Lafayette kiliundwa Ufaransa mwezi wa Aprili, 1916. Marubani wake walikuwa Wamarekani waliojitolea kupigana na Wajerumani kabla nchi yao haijaingia vitani. Jina lao lilikuwa la Mfaransa aliyewasaidia wazee wao kupigania uhuru. Kulipa deni la namna hiyo ni uungwana. Lakini ubavuni mwa ndege walichora kichwa cha shujaa wa kabila la Sioux, mwenye taji la manyoya. Na huko Wounded Knee, tarehe 29 Desemba, 1890, askari wa Marekani walikuwa wamewaua Wasioux, wanawake na watoto miongoni mwao.

Yamkini mtu atasema kwamba walimheshimu kwa ushujaa wake. Huenda. Hata hivyo kichwa cha kwanza, cha Mseminole, kiliigwa kutoka alama ya biashara ya kampuni ya bunduki ya Savage. Heshima gani hiyo inayookotwa juu ya sanduku la risasi? Avaaye ngozi ya simba hamwombi simba ruhusa, kwa kuwa simba hana neno. Msioux alikuwa nalo, wala hakuulizwa.

Februari 1918 kikosi kiliingizwa katika jeshi la Marekani pamoja na kichwa chake. Maelfu ya wenyeji hao walitumikia jeshi lilo hilo, na wengi wao hawakuwa raia. Sheria ya kuwapa wote uraia ilipitishwa Juni, 1924.