Akida Aliyeomba

Neno la juma hili: Luka 7:1–10



Katika Injili ya juma hili Luka anatuletea afisa wa jeshi. Akida wa Kirumi aliongoza kikosi kilichohesabiwa kuwa cha watu mia, ingawa mara nyingi walikuwa wapatao 80. Huyu wa Kapernaumu anajieleza mwenyewe kuwa ni mtu mwenye askari chini yake, na neno lake likitoka linatekelezwa. Lakini angalieni alivyofanya mtumwa wake alipougua hadi kukaribia kufa. Hakupeleka askari wamlete Yesu. Alipeleka wazee wa Wayahudi wakamwombee. Wazee wale hawakuwa askari wake, wala hawakula mshahara wake. Luka anasema walimsihi Yesu kwa bidii, wakamshuhudia yule mgeni kwamba analipenda taifa lao na kwamba ndiye aliyewajengea sinagogi. Mtu aliyelazimishwa huwa anapeleka ujumbe tu na kurudi. Hawa walisihi.

Naomba tulitazame jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu tunao maakida wengi katika sharika zetu: maafisa wa jeshi waliostaafu.

Tarehe 29 Oktoba 2024 nchi yetu, Tanzania, ilimpoteza mmoja wao, Jenerali David Musuguri, akiwa na umri wa miaka 104. Alizaliwa Butiama Januari 1920, akajiunga na Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942, na Vita vya Pili vya Dunia vikamfikisha Madagaska. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoivamia Kagera mwaka 1978, yeye ndiye aliyekuja kuiongoza Divisheni ya 20 katika mapigano yaliyofika Lukaya Machi 1979 na hatimaye Kampala mwezi uliofuata. Kuanzia 1980 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Mwaka 1988 alistaafu, akarudi kuishi Butiama, kijiji kilekile ambako Mwalimu Nyerere alirudi kulima baada ya kukabidhi urais mwaka 1985.

Hebu tuihesabu miaka ya mzee huyu. Jeshi lilikuwa naye miaka 46, kisha Mungu akampa mingine 36 ya kuwa mzee wa nyumbani. Tunapozoea kusema kwamba mtu amestaafu, mara nyingi tunasema kana kwamba kazi ya maisha yake imekwisha na kilichobaki ni pensheni na hadithi. Kumbe kwa wengi kipindi hicho ni kirefu, na ndicho kinachodhihirisha kilichojengwa moyoni miaka yote ya gwaride.

Si wote wanaofika ujenerali. Katika vijiji na mitaa yetu wamo makapteni, mameja na maluteni kanali waliorudi kimya kimya na kiinua mgongo chao, wakajenga nyumba, wakafuga ng'ombe wawili watatu. Haupiti muda mrefu watu wanamwendea mmoja wao. Afande, tunakuomba ugombee uenyekiti wa kijiji. Afande, kamati ya ujenzi wa kanisa imekwama, njoo utunyooshee mambo. Naye anakubali, maana hajazoea kukaa bila jukumu.

Hapo ndipo mtihani wake unapoanza. Kambini amri yake ilikuwa na nguvu ya sheria ya jeshi. Kijijini, mwenye kauli kuu ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanaotakiwa kukutana walau kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anaongoza kikao, lakini bibi anayeuza vitumbua ana kura moja sawasawa na yeye. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na kila mmoja ana lake la kusema. Jirani wawili wakigombea mpaka wa shamba, wanapelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Halina uwezo wa kumlazimisha mtu akubali usuluhishi wake. Linawasikiliza, linawaita tena, linakwenda shambani kuona, linawasihi.

Afisa aliyezoea amri anaweza kuliona hilo kuwa udhaifu. Nimewaona wastaafu waliochoka mapema: wakafoka kwenye mkutano, watu wakanyamaza kwa heshima ya cheo, kisha siku ya kuchimba msingi wa zahanati wakajitokeza peke yao na majembe yao. Nimewaona pia waliojifunza. Mstaafu wa namna hiyo anafika msibani wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kwenye kikao anasema baada ya wengine. Wenye ugomvi wa shamba anawafuata nyumbani jioni, mmoja mmoja, kabla ya kikao. Akiitisha watu, wanakuja, na hakuna aliyewahi kuwaambia wasipokuja itakuwaje.

Akida wa Kapernaumu anatufundisha siri ya huyu wa pili. Kwanza, upendo ulitangulia jengo. Wazee walipomtetea walianza kusema kwamba analipenda taifa lao, kisha ndipo wakataja sinagogi. Wageni wanaofika Kapernaumu leo wanaonyeshwa magofu ya sinagogi la mawe meupe ya chokaa, la karne za baadaye, na chini yake kuta za mawe meusi ya volkano ambazo wataalamu wengi wanadhani ni za jengo la zamani zaidi. Mawe yanabomoka na kujengewa juu yake. Ushuhuda wa wale wazee kuhusu moyo wa yule mgeni ndio tunaousoma mpaka leo.

Pili, tazameni shuhuda mbili zinazokutana katika habari hii. Wazee wanamwambia Yesu kwamba mtu huyu anastahili kutendewa hili. Naye akida, Yesu akiwa njiani, anatuma rafiki zake kusema kwamba hastahili hata Bwana kuingia chini ya dari yake. Heri jamii ambayo kiongozi wake anasifiwa na wengine, huku yeye akijiona mdogo mbele za Mungu. Ole wa jamii ambayo kiongozi anajitangazia ustahili wake kila kikao, na wanaomzunguka wanatazama chini.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, akida anapoeleza imani yake haanzi na askari walio chini yake. Anaanza kwa kusema kwamba yeye naye amewekwa chini ya mamlaka. Anaitambua mamlaka ya Yesu kwa sababu maisha yake yote amejifunza kutii. Ndugu zangu wastaafu, hiki ndicho kitu bora mlichotoka nacho jeshini. Wengi wanadhani mmerudi na ujuzi wa kuamuru. Nasema mmerudi na ujuzi wa kutii, nao ni adimu zaidi. Mwenyekiti anayetekeleza kwa uaminifu uamuzi wa mkutano aliokuwa ameupinga, huyo ni askari kweli. Anayesoma mapato na matumizi hadharani kabla hajaulizwa, huyo yuko chini ya mamlaka. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Naye Samweli, alipokuwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli yote akawataka waseme kama kuna ng'ombe wa mtu yeyote aliyemchukua. Hiyo ndiyo hotuba ya kustaafu inayompendeza Mungu.

Sasa neno kwa sisi wengine. Tusimchague afande kwa sababu tumechoka kuelewana, tukitaka mtu wa kutuogopesha ili mambo yaende. Huko ni kumtwisha mzee mzigo wetu na kumrudisha kwenye maisha aliyoyaacha. Tumchague ikiwa anatupenda, kisha tuje na majembe.

Tena tukumbuke kwamba anabeba mengi asiyoyasema. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera, leo amepita miaka 65. Yumo katika benchi la nyuma Jumapili hii. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa, magwaride yanapigwa, maua yanawekwa. Siku nyingine zote yeye anawakumbuka peke yake wenzake walioanguka. Yuko pia mama aliyelea watoto miaka mingi mumewe akihamishwa kambi hadi kambi, na watoto ambao baba aliporudi walimwamkia shikamoo kama mgeni. Nyumba hiyo nayo inahitaji kutembelewa na wazee wa kanisa. Tusisubiri siku ya mazishi ndipo tuulize mzee alipigana wapi.

Juma hili nawaomba mfanye jambo moja. Ikiwa katika mtaa wenu yupo askari mstaafu, nendeni mkaketi naye, mumpe nafasi ya kusema, na kabla hamjaondoka mwombe pamoja naye, mtaje majina ya wenzake anaowakumbuka. Nawe mstaafu, tafuta mtu mmoja uliyemwamrisha mahali ulipopaswa kumwomba, labda ni mke wako, labda ni mwanao, labda ni katibu wa kamati, ukaanze naye upya.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, ulimstaajabia akida aliyejua kuwa chini ya mamlaka. Wape watumishi wetu waliovua sare nguvu ya kuomba pale walipozoea kuamuru. Wafariji kwa ajili ya wenzao waliowazika. Uzijaze amani nyumba walizoziacha muda mrefu. Nasi utufundishe kuitikia tunapoombwa, bila kusubiri kulazimishwa, ili vijiji vyetu viponywe kwa neno lako. Amina.