Wajibu kwa Msitu wa Kilimanjaro

Moto ulipozuka Whona, Mlima Kilimanjaro, Oktoba 11, 2020, na kuunguza takriban kilomita za mraba 95, wanavijiji na wanafunzi wa vyuo walipanda kuwasaidia askari wa hifadhi. Walisifiwa, na walistahili. Ila sifa hizo zilifunika swali la haki: asiyeshirikishwa kuamua lolote kuhusu msitu kabla ya moto anadaiwa nini siku unapowaka? Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili Wachagga, wenyeji wa mlima huo, wapate kuni na majani ya mifugo, leo umo ndani ya hifadhi, nje ya uamuzi wao. Uislamu humwita binadamu khalifa duniani, Ukristo humwita wakili. Katika imani zote mbili mtu huulizwa hesabu ya alichokabidhiwa. Kumdai hesabu ya kitu ambacho hakukabidhiwa ni kumdhulumu.

Kuna watakaosema deni lipo hata bila kukabidhiwa, kwa kuwa kila anayeishi chini ya mlima hunywa maji yake. Hoja hii ni nzito, na sayansi inaiunga mkono: utafiti wa mwanaikolojia Andreas Hemp ulionyesha kuwa tangu 1976 moto umeteketeza takriban kilomita za mraba 150 za misitu ya juu, ile inayonasa maji ya ukungu. Nakubali kwamba anayekunywa ana wajibu wa kutochoma, na wa kukimbilia moto ukiwaka. Maandalizi, hata hivyo, ni kazi ya kuamua: barabara za moto zipite wapi, nani alinde zamu wakati wa kiangazi. Nani aamuaye bila mamlaka?

Wengine watasema warina asali ndio wachomaji. Ni kweli, vienge vyao vimewahi kuwasha misitu. Lakini aliyeingia kwa kujificha, cheche ikimponyoka, hukimbia kimya. Mwenye ruhusa hupiga yowe mapema, moto ukiwa bado mdogo. Huko Arnhem Land, Australia, Waaborijini huchoma nyasi mwanzoni mwa kiangazi kwa mpango wao wenyewe, wakilipwa, na moto mkubwa wa mwisho wa msimu umepungua. Msitu wa Kilimanjaro si savana, kwa hiyo tusiige uchomaji wao; tuige mamlaka waliyopewa. Vijiji vya Marangu na Machame vinastahili viti vyenye kura katika vikao vinavyopanga kinga ya moto, miezi kadhaa kabla ya ukame, na malipo kwa watakaofyeka barabara za moto.